Samaki Mwenye Zipu Mgongoni

Wiki iliyopita niliacha nusu ya heshima yangu katika gazeti hili. Leo naleta nusu iliyobaki.

Kwa wanaonikuta leo: naitwa Méschac, fundi cherehani, mwenyeji wa Pweto, ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2017 tulivuka maji, mimi na mke wangu Débora, tukapokelewa kambi ya wakimbizi ya Kenani. Sasa tuna nyumba na shamba la mihogo huku Nchelenge. Siku za kazi nashona. Jumamosi mchana nasimama na mikrofoni mbele ya televisheni, katika ukumbi wa Mzee Kabaso, nikigeuza filamu za Kizungu ziwe Kiswahili.

Si filamu zote. Zangu ni za wanyama wauaji. Nyoka mrefu kama treni. Papa anayeruka hadi juu ya nyumba. Siafu wanaokula polisi na kofia yake. Filamu za pesa kidogo, hata unauona waya unaovuta mkia.

Watu wanazipenda hizo kuliko chakula.

Siku moja Kabaso aliweka filamu ya vita, ya gharama, bunduki zinalia kama bunduki. Baada ya dakika kumi ukumbi ulikuwa mtupu. Mama mmoja mzee, ambaye tulivuka naye, alinishika mkono mlangoni.

"Mutoto yangu, ile tunaijua. Utuletee nyoka."

Nilimwelewa. Mnyama mwenye waya mkiani anakutisha, kisha anakurudisha nyumbani mzima, na njiani unacheka.

Ndipo nikaamua kutengeneza mnyama wangu. Filamu niliipa jina: *Harusi Imeliwa*. Watu wa harusi wako ndani ya boti, samaki mkubwa anatokea, anawala mmoja mmoja.

Lakini samaki anahitaji turubai, na turubai zilikuwa za kanisa. Pasta Apollinaire hawezi kutoa turubai ya Bwana ili watu waliwe harusini. Kwa hiyo nilimwambia nataka kutengeneza filamu ya Nabii Yona.

Pasta alilia kwa furaha. Débora, ambaye ni shemasi, alilia pia. Akaleta sahani zake mbili za bati ziwe macho ya samaki.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa sikilizeni siku ya kupiga picha.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, pwani ya Kafutuma. Samaki alikuwa na urefu wa hatua tisa. Mbavu za mianzi, ngozi ya turubai, meno ya ndoo nyeupe, na vidumu vya njano tumboni ili aelee. Nilimpaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye paa la kanisa. Mgongoni niliweka zipu ndefu ya kifuniko cha godoro.

Kingsley, mvuvi mwenye boti ya injini, alimzunguka mara mbili.

"Ba Méschac, hii si samaki. Hii ni suruali."

"Ni samaki."

"Basi miye sitaliwa na suruali. Bashemeji yangu beko hapa, banatazama."

Kingsley ndiye aliyekuwa bwana arusi. Nilimwomba. Alikubali kufa kwa sharti moja: afe wa mwisho, na afe akipigana.

Luse alicheka hadi akakaa mchangani. Huyo dada ndiye anayepiga picha za harusi hapa mjini, na simu yake ndiyo kamera yetu, imefungwa kwenye mpini wa ufagio. Yeye na Kingsley tu ndio walioujua ukweli.

"Na kwaya?" aliniuliza. "Banajua nini?"

Kwaya ya kanisa ilikuwa inashuka njiani na majoho yake meupe, watu kumi na wawili, wakiamini kwamba wao ni mabaharia wa Yona.

"Watapiga kelele ndani ya boti," nilimwambia. "Kelele ya mabaharia na kelele ya harusi ni moja. Majoho ni meupe. Nani atajua?"

Luse alitikisa kichwa. "Mukaya ku mulilo, Ba Méschac." Yaani, motoni utaenda.

Nilikuwa bado nacheka nilipomwona Pasta Apollinaire. Amevaa joho refu jipya na ameshika fimbo.

"Ndugu Méschac," alisema, "nimeomba siku tatu juu ya jambo hili. Yona ni miye."

"Pasta, mule ndani iko moto, na rangi haijakauka vizuri."

"Hata samaki ya Yona haikuwa otele ya kulala."

Ningeweza kumzuia Pasta. Ila nyuma yake alikuwa anakuja Débora, akishuka kuelekea pwani.

Ninyi hamjui maana yake, kwa hiyo niwaambie. Débora hajakanyaga pwani tangu 2017. Siku tuliyovuka, boti ilikuwa imejaa kupita kiasi. Tulipofika tulihesabu watu, na mdogo wake, Pierrette, hakuwemo. Tangu hapo hata samaki ananunua sokoni amegeuzia ziwa mgongo.

Alisimama mbali, mchanga ulipoanza.

"Papa Chadrack," aliniita, kwa jina la mtoto wetu kama kawaida yake. "Leo nitatazama. Pasta amesema Yona aliingia mu maji, akatoka. Nataka nione yee anatoka."

Mimi nilikuwa na daftari mfukoni, na katika daftari lile hakuna mtu hata mmoja anayetoka.

Nilipaswa kusema pale pale. Badala yake nilisema, "Haya, watu wa kwaya, ingieni boti."

Pasta alilala ndani ya samaki, nikafunga zipu. Tulimfunga samaki kwa kamba nyuma ya boti ya Kingsley, tukaisukuma boti mpaka maji ya kiunoni. Kingsley aliitia nanga. Upepo wa asubuhi ulikuwa unatoka nchi kavu. Pasta alianza kuimba mule ndani, na samaki akanguruma tenzi kwa besi nzuri sana.

"Mabaharia, ogopeni!" niliamuru.

Waliogopa kidogo, kama watu walioogopa kwa kuazima.

Luse aliinua kichwa kutoka kwenye simu. "Ba Méschac, kamba inaonekana. Samaki gani inafungwa kamba sawa mbuzi?"

Kweli, ilionekana. Kamba nene ya kijani, katikati ya picha.

"Kingsley, fungua kidogo. Dakika moja tu."

Kingsley alifungua.

Upepo ulimwingia samaki mdomoni, akavimba. Turubai lilikaza, mbavu zikanyooka, macho ya bati yakang'aa. Kwa mara ya kwanza hakuwa suruali. Alizunguka taratibu, akatuonyesha mkia, akaanza kuondoka kwenda ndani ya ziwa.

Kwaya ikapiga kelele. Kelele ya kweli sasa, ya kutoka tumboni.

"Musisimame!" Luse alipaza sauti. "Muzuri! Muzuri kabisa!"

Hapa ndipo penye kuungama kwangu kwa wiki hii. Niliona kamba inaburutwa majini. Ilikuwa hatua tatu kutoka mkononi mwangu. Ningeweza kuikamata. Lakini kelele zile zilikuwa nzuri, na samaki alikuwa hai, na nilisema moyoni: sekunde tano. Zikawa kumi. Zikawa ishirini. Sikumfikiria mtu aliyekuwa ndani.

Kamba ikapita.

Pasta alifika ubeti wa tatu. Maneno yakabadilika, sauti ya wimbo ikabaki ileile.

"Méééschac, funguaaa, fungua ziiipu!"

Tuliacha kucheka. Kingsley alivuta uzi wa injini. Ikakohoa. Akavuta tena. Ikakohoa, ikanyamaza kabisa.

"Jana ilikuwa muzima," alisema Kingsley. Maneno hayo sijawahi kuyasikia kwa mtu mwenye injini nzima.

"Pasta anajua kuogelea?" aliuliza Luse.

Pasta Apollinaire ni mtu wa Manono, mbali na ziwa. Anabatiza kwa maji ya magotini.

Nilipogeuka, Débora alikuwa amesimama ukingoni mwa maji. Sijui alifikaje pale.

"Zipu inafunguka na ndani?"

"Hapana. Inafunguka nje tu."

"Nani alishona?"

"Miye."

"Na juu ya nini munafungua kamba?"

Nilitafuta uongo. Kwa mara ya kwanza katika miezi miwili sikuupata. Luse, macho kwenye simu, akanijibia, akimwita mama kwa Kibemba.

"Kwa harusi hakuna kamba, bamayo."

"Harusi gani?"

Luse aliinua kichwa, akauona uso wangu, akaanza kufuta kioo cha simu kwa bidii.

"Yona alikuwa na harusi?" aliuliza Débora. "Mu Biblia gani?"

Basi nikasema yote, mbele ya kwaya. Kwamba hakuna Yona. Kwamba samaki hatapiki. Kwamba ni filamu kama zile za kwa Kabaso.

"Inakula bantu bangapi?"

"Kumi na watatu."

"Na bibi arusi?"

"Ndiye wa kwanza."

Mama mmoja wa kwaya alivua joho lake la ubaharia, akalikunja, akaliweka chini kwa heshima kama mtu anayeacha kazi.

Débora hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alitazama ziwa. Kisha akakaza kitenge, akavua kandambili, akaingia majini mpaka magotini, moja kwa moja hadi kwenye mtumbwi mdogo wa Kingsley.

"Panda."

"Mama Chadrack, maji..."

"Nimesema panda."

Nikapanda. Kumbe nilikuwa nimesahau kwamba mke wangu ni binti wa wavuvi. Mimi nilipiga kafi nyuma kama mtu anayekoroga bukari, ugali wetu. Yeye alikata maji mbele, na samaki wetu akaanza kukaribia polepole, akiimba.

"Umeniongopea miezi mbili," alisema hatimaye, bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Miye nimekuongopea miaka mitano."

Nilisimamisha kafi.

"Piga maji!" alisema. Nikapiga. "Jumamosi nasema naenda ku kikundi cha bamama. Kikundi kinamalizika saa saba. Nakuya kwa Kabaso, nakaa nyuma ya ukuta, pale banamwaga majivu. Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Nyoka. Papa. Yote. Nasikia sauti yako, najitengenezea picha mu kichwa."

"Sasa juu ya nini hukuingia?"

"Shemasi muzima aingie kutazama nyoka inakula muzungu na chupi? Pasta atasema nini?"

Nilianza kucheka, nikajizuia, kwa sababu Pasta mwenyewe alikuwa karibu kutusikia.

"Na ipi ulipenda zaidi?"

Alipiga kafi mara tatu kabla ya kujibu.

"Siafu. Siafu inakuya polepole. Mutu anapata nafasi ya kukimbia."

Tulikuwa tumefika mahali ambapo maji yanabadilika rangi. Hakuangalia chini hata mara moja.

"Lakini yako iko mubaya," alisema ghafla.

"Filamu yangu?"

"Bibi arusi wa kwanza? Akishakufa, nani ataogopa pamoja na sisi? Bibi arusi anabakia. Bote banaisha, yee anabakia peke yake na samaki. Na samaki ndiyo inamuogopa."

Nawaambieni ukweli: mchungaji wangu alikuwa anaelea kuelekea kisiwa cha Kilwa, humu ziwani, ndoa yangu ilikuwa haijulikani iko wapi, na mimi nilikuwa nafikiria, mwanamke huyu anasema kweli kabisa, ni lazima nibadilishe ukurasa wa nne.

Ndipo tulipoiona boti ya Kilwa.

Ilikuwa inakuja sokoni Nchelenge, imejaa magunia ya dagaa na watu kama thelathini, na mitumbwi minne ikiifuata. Mbele alisimama kijana mmoja mrefu mwenye mkuki wa samaki. Alikuwa amemwona mnyama wetu kabla hatujawaona wao.

Fikirieni alichokiona. Samaki wa buluu, hatua tisa, macho ya bati, meno ya ndoo, anaimba kwa besi.

"Mawe!" wanawake walilia, yaani mama wee. Boti ikayumba. Mitumbwi ikamzunguka samaki, na mikuki ikainuka.

Nilisimama, nikapunga mikono miwili, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote.

"Acheni! Iko na mutu ndani!"

Katika maneno yote ya Kiswahili, hayo ndiyo niliyoyachagua.

"Imekula mutu!" alipiga kelele yule wa mkuki. "Miye ni Sampa, bazazi bangu balinipa jina hii! Nitamutoa mutu huyu leo!"

Akarudisha mkono nyuma ili arushe.

Débora aliacha kafi. Aliruka.

Mke wangu, ambaye kwa miaka yote hii huchota maji kisimani amefumba macho, aliruka kutoka mtumbwini, akaangukia mgongo wa samaki. Vidumu vililia, turubai likazama shibiri moja, maji yakamfika kifuani. Alilala juu ya zipu, mikono imetandazwa, akampigia Sampa kelele kwa Kibemba, maneno ambayo shemasi hajui, ila yeye aliyajua yote.

Sampa alishika mkuki wake hewani.

Débora akapapasa, akaipata ncha ya zipu, akavuta. Ilikwama katikati, kama zipu zangu zote. Akavuta kwa meno. Ikafunguka.

Pasta Apollinaire akasimama.

Joho lake jipya lilikuwa limelowa na kumganda. Rangi ilikuwa imemshika usoni na kichwani, kwa hiyo alikuwa wa buluu kuanzia shingo kwenda juu. Macho yalikuwa yanapepesa kwa jua. Alinitafuta, akaniona, akaninyooshea kidole.

"Weye, Méschac! Weye mushen..."

Kisha akaona wale watu thelathini.

Walikuwa wamepiga magoti juu ya magunia ya dagaa. Bibi mmoja alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa. Mwingine alikuwa analia, "Lesa! Lesa!" akimwita Mungu. Hata yule wa injini alikuwa ameizima, amevua kofia.

Pasta alifunga mdomo. Kidole chake kilibaki hewani. Taratibu, mbele ya macho yangu, kilikunjuka na vidole vingine, kikawa mkono wa baraka.

"Amani iwe kwenu," alisema.

"Amina!" ziwa zima likajibu.

"Baba mutumishi," bibi wa kitambaa aliuliza, "ulikuwa mule siku ngapi?"

Pasta alitazama juu. Akatazama chini. Akameza mate.

"Sikuwa na saa," alisema.

Vigelegele vikapanda. Mwanamke mmoja aliingia majini na nguo zake ili amguse joho. Mwingine akamnyooshea samaki aliyekaushwa, kisha akamrudisha haraka, akaona pengine Pasta ameshiba samaki.

Sampa peke yake hakupiga magoti. Alisogeza mtumbwi wake, akagonga ubavu wa samaki kwa mpini wa mkuki. Kidumu kikajibu, dung. Akagonga tena. Dung.

"Hii ngozi iko na mushono," alisema polepole.

Vigelegele vikapungua.

Sampa alimtazama Pasta wa buluu. Akanitazama mimi. Mwisho akamgeukia Débora, ambaye alikuwa bado amekaa juu ya mnyama, maji yakimtiririka, meno ya zipu mkononi mwake.

"Bamayo, weye ulifungua. Weye hauna mutu wa kuogopa hapa. Utuambie: hii ilimumeza Baba huyu kweli, ao hapana?"

Pasta alimtazama shemasi wake. Katika miaka yote niliyomjua, sikuwahi kuona macho ya Pasta Apollinaire yakiomba kitu kwa mtu. Siku ile yaliomba.

Mimi nilijipigia hesabu haraka. Akisema kweli, Pasta hatapanda tena madhabahuni, na mimi sitapita tena mlangoni mwa kanisa. Akisema uongo, kufikia jioni pwani yote itakuwa na nabii mpya, na mke wangu ndiye atakuwa shahidi wake.

Débora alipangusa uso. Alimtazama Pasta, akanitazama mimi, akatazama maji, chini kabisa, kwa muda mrefu. Kisha akaita jina langu lile la ubatizo, ambalo hunitajia tu nikiwa nimekosa.

"Méschac," alisema. "Simama. Ubaambie weye."

Nikasimama. Watu thelathini wakanigeukia, na ncha ya mkuki wa Sampa ikashuka taratibu mpaka ikatulia mbele ya kifua changu. Nilichojibu nitawaambia wiki ijayo.